Kabla Utepe wa Mtaa wa Mabatini Haujakatwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Waheshimiwa madiwani wetu. Mashehe na mapadri wetu mliokaa safu moja kama mlivyozoea. Mhandisi Godfrey na mafundi wako. Wafanyabiashara wenzangu wa Mtaa wa Mabatini. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Ndanda na Tandahimba, na hata nyinyi wa Newala mliokuja kutuchungulia: asalaam aleikum, na tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa zangu, shikamooni. Walio wadogo kwangu, marahaba, maana naona wengine wenu leo mmevaa suti mkasahau kuamkia.

Wengi mnanijua. Mimi ni Zabibu Khalidi, Mama Faidha, nauza vitenge na khanga duka la tatu kutoka kona ile, na wenzangu wamenichagua niwe mwenyekiti wao. Katika ratiba ya leo nimepewa nafasi fupi ya kutoa neno la shukrani, kisha Mheshimiwa akate utepe, kisha tufungue maduka, kisha tule pilau. Shukrani nitazitoa, wala sitazitoa kwa shingo upande. Lakini namwomba mshereheshaji asinipungie mkono kuniambia muda umekwisha. Nitakaa nikimaliza.

Mheshimiwa, wewe umehamia kwetu juzi juzi kutoka Songea, kwa hiyo hukuuona mtaa huu ulipokuwa mahututi. Magari ya abiria yaliacha kushusha watu hapa. Mvua ikinyesha, maji yalishuka na udongo wote wa mlimani yakaingia madukani kama mteja asiyelipa. Taa zilikufa moja moja, na wenye maduka nao wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Huyu kaenda Mtwara, yule kafunga akarudi shambani kupalilia mikorosho. Fremu ya jirani yangu ilikaa imefungwa mpaka popo wakafanya yao. Ukitaka kujua mji umeugua, tazama katikati yake, na katikati ya Masasi ilikuwa inatazamika kwa huruma.

Leo tumesimama juu ya matofali yaliyopangwa vizuri. Mitaro imefunikwa. Taa zinawaka mpaka alfajiri. Mhandisi Godfrey, simama watu wakuone, baba. Huyu kijana masika yaliyopita alivua viatu akaingia mtaroni mwenyewe, akafuata maji yanakotoka, na ndiyo maana mvua za mwaka huu hatukubeba mizigo juu ya vichwa. Hata baraza la mbele ya maduka umelijenga pana kuliko la zamani. Mungu akulipe. Na serikali iliyoleta mradi huu tunaishukuru, na kamati iliyousimamia tunaishukuru kwa kazi yote iliyofanya mpaka Alhamisi iliyopita.

Nimesema mpaka Alhamisi iliyopita. Kwa nini nimeishia hapo? Kwa sababu Alhamisi gari la matangazo lilipita hapa, spika mbili juu ya bodi, likasema kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu kukaa barazani na biashara ya aina yoyote. Baraza ni la kupita. Mafundi cherehani wote waende kwenye banda lililojengwa upande wa Lisekese. Atakayebaki, cherehani yake itabebwa. Na mwenye duka atakayempa fundi nafasi mbele ya mlango wake, atanyang'anywa fremu.

Ndugu wageni waalikwa, kwa ambao si wenyeji niwaeleze kidogo biashara yetu inavyokwenda. Mama anatoka kijijini asubuhi. Korosho zimeuzwa, mwali wake atatoka unyagoni wiki ijayo, na wanawake wote wa ukoo lazima wavae sare siku hiyo. Anaingia kwangu, anachagua kitenge, tunabishana bei mpaka tunachoka. Akitoka mlangoni, hatua mbili, fundi yuko barazani. Anapimwa hapo hapo. Anakaa kwenye benchi, anakunywa uji, anasikiliza habari za mji, anakumbuka hana sukari, anaingia duka la pili. Anakumbuka bati limetoboka, anaingia duka la tatu. Jioni anapanda gari la kurudi na sare zimeshonwa. Mimi nauza kwa sababu fundi yupo, fundi anashona kwa sababu mimi nipo, na mwenye bati anauza kwa sababu yule mama anasubiri nguo. Katikati ya mji wetu ni kule kusubiri. Mkiondoa kusubiri huko, mtabaki na matofali.

Mtaniambia Mama Faidha anatisha watu na jambo ambalo halijatokea. Limekwisha kutokea. Wakati wa ujenzi tulihamishwa wote. Sisi wa vitambaa tulipelekwa nyuma ya soko, mafundi wakapelekwa kule kule Lisekese. Kulikuwa na mteja wangu, Mama Mujibu, mwanamke anayenunua kwa moyo mmoja. Alikuja kununua sare za kumtoa mjukuu wake. Akauliza, "Fundi yuko wapi?" Nikamwambia panda bodaboda. Akapanda. Kule akakuta foleni, akaambiwa arudi kesho kutwa. Atarudije, na gari la kijijini kwake linaondoka alasiri? Alipita kuniaga, kitenge kipo vile vile mkononi. Akaniambia, "Mama Faidha, umeniuzia mzigo, si nguo." Siku ya mwali kutoka, wanawake wa ukoo ule walijifunga vitambaa visivyoshonwa, na wakwe wakawacheka mbele ya ngoma. Tangu hapo sijamwona dukani kwangu. Nimeuliza, nimeambiwa anakwenda Newala, kwa sababu Newala mafundi bado wako barazani. Nyinyi wa Newala mnaocheka hapo nyuma, nawaona. Chekeni tu.

Sasa nimseme mtu mmoja, ambaye ameniomba nisimseme. Fundi Optatus yuko pale, shati jeupe, anaangalia chini. Amekaa barazani kwangu tangu marehemu Baba Faidha yu hai. Nikienda kuswali adhuhuri sifungi mlango, kwa sababu Optatus yupo. Jumapili yeye akienda kanisani, cherehani yake naiingiza ndani mimi. Ile miaka ambayo mtaa ulikuwa umekufa, mtu akichungulia kutoka kona ile akaona giza na milango iliyofungwa, alikuwa anageuka. Lakini akisikia cherehani ya Optatus alijua bado kuna watu, akaja. Mguu wake mmoja ni dhaifu toka utotoni, mnaujua. Kutoka anakopanga mpaka hapa anatembea. Mpaka Lisekese hatembei, na wakati ule wa ujenzi alikaa nyumbani bila kazi. Juzi nilimuuliza atafanyaje Jumatatu. Akanijibu, "Nitarudi kijijini Chidya, Mama Faidha. Cherehani nitaiuza." Nikamuuliza, halafu utakula nini? Akasema, "Kuna muhogo." Alisema hivyo huku anashona, wala hakuinua uso.

Niliumia. Nasema wazi, niliumia, kisha nikakasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Nilikwenda kwa kamati. Si mara moja. Nilisema kama watu wanataka njia, tutaacha njia. Cherehani zitakaa zimegusa ukuta, kiti cha magurudumu kitapita, mwenye kumsukuma mgonjwa kwenda hospitali ya Mkomaindo atapita. Vipande vya vitambaa tutafagia wenyewe. Hakuna atakayepika barazani, hakuna atakayetundika kitu juu ya mtaro. Nikajibiwa, "Mama, mji wa kisasa hauna cherehani njiani." Nikasema si njiani, ni barazani. Nikajibiwa kwamba wageni wakija wataona tuko nyuma. Wageni gani hao, ndugu zangu? Wageni wa mtaa huu ni Mama Mujibu na wenzake. Wakija wakaona fundi hayupo, ndipo wanapoona tuko nyuma.

Na jana alasiri mjumbe mmoja wa kamati, jina lake nitalistahi, alikuja dukani akaegemea meza yangu. Akaniambia, "Mama Faidha, kesho shukuru tu. Mkataba wa fremu yako haujasainiwa bado." Alisema kwa upole kabisa, akachagua na khanga ya mkewe. Nimemwelewa. Mwanangu Faidha alisimama pembeni naye amemwelewa. Ameniomba asubuhi hii nisome zile shukrani na nikae. Fundi Optatus naye ameniambia, "Dada, usipoteze duka kwa ajili yangu." Kwa hiyo mjue, nasimama hapa nikijua kinachoweza kunikuta. Duka lile ndilo lililosomesha watoto wangu. Sina jingine.

Kama ningekuwa na njia nyingine ningeitumia, Mheshimiwa. Bahati nzuri wewe ni Mngoni na mimi ni Myao.

Wenyeji mmeanza kuguna, mmeshaelewa. Babu zenu, Mheshimiwa, walikuja huku na mikuki, wakatuchomea nyumba, wakachukua mbuzi wetu na mabinti zetu. Walipochoka na sisi tukachoka, tukawa watani. Ndiyo maana mpaka leo akifa Mngoni, mimi nakwenda msibani nikavaa koti la marehemu, nikamwiga alivyokuwa akitembea, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Naweza kukaa mbele ya jeneza nikasema haliendi popote mpaka nisikilizwe. Hakuna mtoto wa marehemu atakayenivuta mkono. Hukuyajifunza haya Masasi, uliyakuta kwenu.

Sasa geuka kidogo utazame kwenye utepe. Pale chini umetandikwa mkeka, na juu ya mkeka wamekaa Mama Oliva na Mama Getrude, Wamakua wote wawili, watani zako nao. Askari, vijana wangu, rudini nyuma. Nasema rudini nyuma, msiwaguse. Hao hawafanyi fujo, hawana bango, hawajaimba. Wamekaa tu. Nyinyi mmeleta mkasi mkidhani ni sherehe ya ufunguzi. Sisi tumetazama tukaona ni maziko ya mtaa, na kwenye maziko mtani ana haki yake. Mheshimiwa, ukitaka kuufikia utepe itabidi uwaruke kina mama hawa, na ninavyokujua ulivyolelewa, huwezi.

Naona katibu wako anakunong'oneza. Mwambie angoje.

Mtani akizuia jeneza hupewa kitu kidogo akainuka. Leo kitu kidogo hatukitaki. Usimpe Mama Oliva noti, atakurudishia mbele za watu. Tunataka neno. Kamati iko chini yako, gari la matangazo lilipita kwa idhini ya ofisi yako, na neno lako likitoka hapa, kwenye kipaza sauti hiki, mbele ya mashehe na mapadri na Newala, hakuna wa kulirudisha. Sema kwamba mafundi watabaki barazani. Yale masharti niliyoyataja, ya njia na usafi, tuandikie na tutayafuata. Siku tukiyavunja, tufukuzeni, nitakuwa wa kwanza kubeba mzigo. Ukilisema neno hilo, kina mama watainuka, utakata utepe wako kwa raha, na kitenge cha kwanza kitakachouzwa leo kitashonwa shati lako, hapo hapo, kabla pilau haijapoa.

Na ukikataa? Sitakutukana, wala hakuna atakayerusha jiwe. Utaondoka salama na heshima yako. Lakini hatutafungua. Tazama milango ile. Hakuna mlango hata mmoja uliofunguliwa asubuhi hii, na si kwamba tulichelewa kuamka. Wenzangu wa bati, wa sukari, wa viatu, wa dawa za mikorosho, wamekubaliana wote, na baadhi yao mikataba yao haijasainiwa kama wangu. Watoto wetu wanakula kwenye maduka haya. Mtu hafungi duka mwanzoni mwa msimu kwa mzaha, Mheshimiwa. Tumeogopa, tumelala na hofu, tumekuja hivyo hivyo.

Mhandisi Godfrey, usisikitike, kazi yako ni nzuri na haina lawama. Mafundi ujenzi, tunawashukuru. Viongozi wetu wa dini, tuombeeni kimyakimya kwa sasa. Fundi Optatus, kaka yangu, inua uso.

Mimi nimemaliza. Nashuka hapa, siendi kwenye kiti changu cha mbele. Nakwenda kukaa mkekani na wenzangu, na Mama Getrude naomba usogee kidogo. Ndugu zangu nyote, kwa kunivumilia na kunisikiliza, asanteni sana. Kipaza sauti hiki hapa, mtani. Sasa ni sisi tunaokusikiliza.