Mama Paskazia Maige na Banda la Bugogwa

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia ya mzee Obedi Luhende, tunawasomea maisha ya mama yetu, Paskazia Maige, kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kijiji cha Kayenze, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1970 hadi alipohitimu darasa la saba mwaka 1976, na mwaka 1979 akaajiriwa katika kiwanda cha kuchambua pamba, alikoshona magunia hadi mwaka 1994, wafanyakazi walipopunguzwa.

Tarehe 25 Septemba 1982 alifunga ndoa na mzee Obedi, aliyetangulia mbele za haki mwaka 2015, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa, wakajenga hapa Bugogwa juu ya jabali, ambapo jiwe hushika joto la mchana na kulirudisha usiku.

Ufugaji aliuanza Aprili 2006 kwa mtamba mmoja wa ng'ombe, aliyemwita Pasaka kwa kuwa alinunuliwa Jumatatu ya Pasaka. Julai ya mwaka uliofuata, ndama wa kwanza wa Pasaka alipigwa na upepo wa baridi wa ziwani, akapata nimonia, akafa, na marehemu kwa uchungu akalizungushia banda mabati hadi juu. Joto la Oktoba likaja, mabati yakabaki, Pasaka akawa anahema ulimi nje, majani hataki, maziwa yakashuka kutoka lita kumi na mbili hadi nne, na marehemu, badala ya kulitazama banda, akamtazama jirani yake, Bibi Teodora Luhaga, aliyekuwa amemsifia ng'ombe huyo, akamwambia mbele za watu kwamba ana jicho baya, kisha akaziba na tundu la mwisho ili asichunguliwe. Tarehe 9 Oktoba 2007, saa nane mchana, Pasaka alikufa.

Bwana mifugo, Mhoja, alipofika aligusa bati, akaondoa mkono haraka, akasema, "Mama, huyu hakurogwa, umempika."

Marehemu ndiye aliyeagiza haya yasomwe leo, yasifichwe. Jioni ile ile alikwenda kuomba msamaha, akasimama nje ya mlango kwa aibu, naye Bibi Teodora akamjibu kwamba jicho lake lingekuwa na nguvu hiyo, angeanza na mwewe wanaommalizia vifaranga, halafu wakaenda wote wawili kubomoa mabati.

Alinunua ng'ombe wengine, na tangu hapo banda lake lilikuwa na ukuta wa kimo cha goti tu, na upande wa ziwani pazia la magunia aliloshona mwenyewe, likishushwa jioni za Juni na Julai, likikunjwa Agosti inapokwisha. Wakati wa mvua alitandika maranda makavu, wakati wa joto alikamua alfajiri, akalisha jioni, na kila saa sita mchana ng'ombe walimwagiwa maji, kazi ambayo yeye na Bibi Teodora waliifanya pamoja kwa miaka kumi na saba.

Februari 2023 miguu ilianza kumvimba, akagundulika ana ugonjwa wa moyo, na daktari alipomkataza jua la mchana alicheka, akauliza, "Ng'ombe nawamwagia mimi, mimi atanimwagia nani?" Alilazwa mara tatu, na Jumatano tarehe 16 Oktoba 2024, saa kumi na moja alfajiri, saa yake ya kukamua, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 63.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Bwana Mhoja, wafugaji wenzake, jumuiya yake ndogo ndogo, na majirani mliopika na kulala nasi tangu Jumatano. Wapo waliouliza kwa nini mazishi ni asubuhi, si saa tisa kama ilivyo kawaida, nasi tunajibu kwamba marehemu hakutaka watu wasimamishwe juani kwa ajili yake. Ibada ikichelewa, mkamwona Bibi Teodora ananyanyuka kabla ya udongo kwisha, tunaomba mumpishe, msimshangae, ni saa sita, na ndoo mbili zinamsubiri bandani.

Mama, pumzika kwa amani, penye kivuli na upepo.