Bi Mwatum Hakumpoteza Mtoto

Assalamu alaikum, wasikilizaji wapendwa. Ni mimi, Haroub Usi. Leo sauti yangu imechoka, mtanisamehe. Wiki nzima nimekuwa msibani, na msiba wenyewe ni wa mtu niliyepaswa kumsemea tangu zamani, nikanyamaza.

Bi Mwatum Msabah amefariki Jumatano iliyopita, baada ya alasiri, nyumbani kwake Malindi, hapa Unguja. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa afisa ustawi wa jamii. Kazi yake ilikuwa kuwalinda watoto wanaoumizwa majumbani, na watu wazima wasioweza kujitetea. Na kila mwaka akipokea wanafunzi wa vyuo waliokuja kujifunza kazi hiyo kwa vitendo. Mimi nilikuwa mmoja wao, mwaka 2013.

Wako watu kaskazini ya Unguja ambao mpaka leo wakimtaja husema, "Yule aliyempoteza mtoto." Siku ya khitma, binti yake Riyama alinivuta pembeni. Akaniambia, "Kaka Haroub, mama kasemwa miaka kumi na mbili. Kweli unaijua, na redio unayo. Msemee." Basi leo namsemea.

Siku yetu ya kwanza ofisini hakutupa kazi yoyote. Alitukalisha nje, kwenye benchi la watu wenye shida zao, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri. Mimi nilikaa baina ya mama mwenye jicho lililovimba na bibi aliyekuja kumuulizia mjukuu wake. Adhuhuri Bi Mwatum akatoka, akatuuliza nani kachoka. Tukainua mikono sote. Akasema, "Vyema. Wenzenu hao wamekuja wameshachoka kutoka majumbani mwao." Kisha akatuingiza ndani.

Mkobani mwake alikuwa na sabuni, mkasi wa kucha na kanga moja safi. Tulikwenda naye kumwona mzee mmoja, Mzee Himid, ambaye watu wake mwenyewe walikuwa wakimfungia chumbani. Mwenzangu akatoa daftari. Bi Mwatum akamwambia, "Weka hilo. Mkate kucha kwanza, masuala baadaye." Tulimkata kucha za mikono na miguu. Tulipofika mguu wa pili, mzee mwenyewe akaanza kusema.

Ukimuuliza, "Bi Mwatum, hujachoka?" yeye hukujibu, "Nshachoka toka mwaka juzi. Sasa nafanya kazi tu."

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, wasikilizaji wapendwa. Ilikuwa wiki yangu ya tano. Mwalimu Nassra, wa skuli moja ya kaskazini, alipiga simu asubuhi. Ana mwanafunzi wa kike, miaka tisa, ana alama za kuchomwa mgongoni na mkono wake hauinuki. Mtoto kamwambia ni mlezi wake aliyemfanya hivyo. Kijiji sikitaji, na mtoto simtaji.

Asubuhi hiyo Bi Mwatum alikuwa ameitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kesi nyengine. Mwenzake yuko likizo. Utaratibu unasema mwanafunzi haendi peke yake. Lakini akaniambia, "Nenda. Shuka, ingia skuli, kaa na mtoto mpaka nifike. Usimwambie mtu umefuata nini. Hata sheha wa kijiji, nitamwambia mwenyewe."

Nikaenda. Nikashuka. Kabla sijafika skuli, nikaitwa kutoka barazani. Nikaitika naam. Alikuwa Mzee Wakil, aliyefanya kazi bandarini na marehemu baba yangu. Nikampa shikamoo. Akanijibu, "Marahaba. Wewe si mtoto wa Usi? Umefuata nini huku?"

Wasikilizaji, muhali tunaujua sote. Ile hali ya kushindwa kumkatalia mtu kwa heshima au kwa udugu. Huyu alilibeba jeneza la baba yangu. Nikaona nitamdanganya vipi? Nikasema, "Nimetumwa na watu wa ustawi, mzee. Kuna mtoto hapo skuli." Nilisema hivyo tu. Hakuuliza jina. Akasema, "Kaa kwanza unywe kahawa, nikakuitishie." Akaingia ndani. Nikaona muhali kuondoka. Nikakaa, nikanywa kahawa. Dakika kumi, labda kumi na tano.

Nilipofika skuli, Mwalimu Nassra alikuwa amesimama mlangoni. Akaniambia, "Kachukuliwa sasa hivi. Wamesema bibi yake anaumwa." Yule mlezi alikuwa mtoto wa dada yake Mzee Wakil. Mimi sikujua. Lakini niliambiwa nisimwambie mtu, na hilo nililijua.

Narudia, ili iwe wazi. Bi Mwatum hakumpoteza mtoto. Aliyempoteza ni mimi, Haroub Usi, kwa kikombe cha kahawa.

Bi Mwatum alimtafuta kwa siku hamsini na moja. Siku za kazi akiendelea na kesi nyengine, Jumamosi na Jumapili akipita nyumba kwa nyumba, miguu imemvimba. Alimkuta kisiwani Tumbatu, kwa watu wema waliokuwa hawajui kilichotokea. Walikuwa wakimlisha vizuri. Lakini mkono ulikuwa umevunjika tangu mwanzo, na siku zote zile, bila matibabu, ukaunga vibaya. Haukunyooka tena.

Nilikuwa nimemweleza yote, hata kahawa. Ripoti niliiona. Aliandika: "Nilimtuma mwanafunzi peke yake kinyume cha utaratibu. Kosa ni langu." Mstari wa kahawa haumo. Mwaka ule alikuwa apewe ukuu wa ofisi, hakupewa. Mimi chuoni nilifaulu.

Nilimfuata nikamuuliza kwa nini hakuniandika. Hakunibembeleza. Alisema, "Ukiandikwa wewe, chuo hakitoniletea tena wanafunzi. Na mimi peke yangu siwezi, Haroub. Siwezi." Akarudi kwenye mafaili yake. Nikamaliza mafunzo, nikaacha kazi ile kabla sijaianza, nikaja redioni, mahali ambapo mtu husema sana bila kusema lake.

Riyama kaniambia kuwa kila kundi jipya la wanafunzi mama yake alilisimulia habari ya kijana aliyekunywa kahawa. "Jina lako hakulitaja hata mara moja," alisema. "Sisi nyumbani tukilijua, lakini akitukataza." Niliposikia hivyo nililia, na sioni haya kukwambieni.

Kwa Riyama, kwa ndugu zake na kwa jamaa wote wa Malindi, tunakupeni pole. Mwenyezi Mungu amrehemu na ampe mapumziko, maana hapa hakuyapata. Na kwenu nyinyi wasikilizaji: kabla ya kulala, mjiulize ni nani mliyemwonea muhali, na ni nani aliyeumia kwa sababu hiyo. Mkimjua mtoto anayeumizwa, au mzee aliyefungiwa, semeni panapohusika, hata kama anayeumiza ni wa kwenu.

Na wewe binti, ambaye jina lako silitaji. Sasa una miaka ishirini na moja. Nimeambiwa redio hii huisikiliza ukiwa kazini. Nilikusudia kukuomba radhi hapa hapa, watu wote wakisikia. Halafu nikaona nitakuweka mbele ya umma, uone muhali kunikatalia. Kwa hivyo sikuombi kitu. Nyumbani kwangu Riyama anapajua. Ukitaka kuja uniseme, njoo, nitakaa kimya nikusikilize. Na ikiwa hutaki hata kuniona, usije.