Bariere ya Ndizi

Wapapa, wamama, ndugu zangu wa kikundi hiki cha sala, mmeniita niseme, nami nitasema. Sitataja jina la mtu. Langu mnalijua tayari.

Asubuhi niliyotoka Kalembe sikuwa na mpango wowote. Mama alikuwa shambani anapalilia maharagwe. Nilivaa sweta, nikatia viazi viwili vya kuchemsha mfukoni, nikafuata barabara. Juma lile vita ilikuwa imetulia, na vita ikitulia ndipo mimi hukosa amani. Shule niliiacha darasa la tano. Tangu hapo nilibeba mizigo Walikale, nilibeba jibini Masisi, nilichoma makaa, na kila mlima nilitaka kujua nyuma yake kuna nini.

Lakini ndugu zangu, nawaambia ukweli, haikuwa hamu ya kujua peke yake. Siku risasi zilipoingia kijijini kwetu, mimi ndiye niliyekuwa na miguu mizuri kuliko wote nyumbani. Nilikimbia peke yangu hadi Pinga. Mama alifika siku ya nne, dada yangu mdogo mgongoni, miguu imevimba. Alinitazama akasema, "Weye, uko na mbio." Hakunikasirikia. Nilikula chakula alichopika, na tangu siku hiyo sikuweza kukaa nyumbani miezi miwili mfululizo.

Basi, kwa kupanda lori na kutembea, nilifika Sake. Nikiwa pale njia ya Minova inapoanza, nikaona watu wanakimbia kuja upande wangu. Sikuuliza. Niligeuka nikakimbia nao. Tulikwenda mwendo mrefu, mimi mbele, kisha nikamuuliza yule wa karibu nani anatufukuza. Walicheka mpaka wakasimama. Ilikuwa klabu ya mbio. Hapakuwa na mtu anayewafukuza, walikuwa wanakimbia kwa kupenda kwao. Sikuwahi kusikia jambo la ajabu kama hilo, nikabaki nilielewe.

Klabu ilisimamiwa na Papa mmoja mfanyabiashara, mtu wa Butembo, mwenye duka la misumari na mabati. Kapiteni wetu alikuwa mkulima wa milimani. Miaka mingi alikuwa amebeba wagonjwa kwenye kipoyi, ile machela yetu ya miti, kutoka juu hadi hospitali ya Kirotshe. Alikuwepo dada mmoja muuza samaki, na kaka wa Walikale ambaye mdomo wake haukupumzika hata kwenye mlima. Mimi nikawa wa nne.

Mwaka uliofuata Papa alitupakia kwenye gari lake, tukavuka Bunagana kwenda mbio za siku nne huko Uganda, kutoka Kisoro hadi Kabale. Sheria ilikuwa nyepesi kuielewa. Kila kundi watu wanne, na kila siku wote wanne wapite pamoja kwenye vituo na kugongewa muhuri kwenye kadi zao. Kadi moja ikikosa muhuri, kundi zima linarudi nyumbani. Kapiteni alikuwa ameacha shamba wakati wa kupanda. Dada alikuwa amemwachia mdogo wake meza ya samaki. Hawakuja kutembea.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri, mimi mbele. Siku ya pili, tulipozunguka kona, nikaona kamba imekatiza barabara kama bariere zetu za njiani, na wanaume wawili wenye sare, mmoja ana fimbo. Wamama, mwili wangu haukuniuliza. Nilishusha mkono hivi, kama tunavyofanya huku kwetu, nikaingia kwenye migomba. Wale watatu wakanifuata bila neno, maana nao ni watu wa Masisi na Walikale. Tuliinama, tukapita nyuma ya nyumba za watu, mbwa wakatubwekea, tukavuka kijito, tukatokea barabarani mbele kabisa. Nilijivuna. Nilijiona nimeokoa watu.

Kwenye kituo kilichofuata, msimamizi alitazama kadi zetu akauliza muhuri wa kituo cha kamba uko wapi. Wale walikuwa polisi wanaozuia magari ili wakimbiaji wapite. Nyuma yao palikuwa na meza, maji na ndizi mbivu. Ilitubidi turudi kilomita saba, tupate muhuri, kisha tuzikimbie tena zile saba, yote kabla ya saa kumi na moja.

Kaka wa Walikale alikaa chini. "Bantu banakimbia bariere ya makuta," akasema, ile ya kutozwa pesa. "Weye unatukimbiza bariere ya ndizi."

Msimamizi alicheka. Kapiteni akamweleza bariere kwetu ni kitu gani: unalipa, au unabebeshwa mizigo ya wenye bunduki, na wengine hawarudi. Msimamizi akaacha kucheka. Alisema anasikitika, lakini sheria ni sheria.

Nikawaambia naenda kujisaidia. Kando ya barabara lilisimama lori la kabeji, limeelekea mpakani. Nikaweka mguu juu ya gurudumu. Nilikuwa nimeshawaza Bunagana, na baada ya Bunagana mahali pengine ambapo hakuna anayenijua.

Kapiteni hakunikimbilia. Alikuja akitembea polepole, akasimama.

"Kama unaenda, enda," alisema. "Sisi na kadi tatu tutarudi nyumbani, hatutakutukana. Kama unabaki, leo hutakaa mbele. Mu kipoyi, mwenye nguvu njo anakaa nyuma, sababu anaona bote."

Nilimfikiria Mama akiingia Pinga siku ile ya nne. Nikashusha mguu.

Sikuwa nimewahi kukimbia nyuma ya watu. Nawaambia, ni nchi nyingine. Niliona dada anakanyaga upande wa kisigino, lengelenge limepasuka ndani ya kiatu, na hakuwa amemwambia mtu. Niliona kapiteni anapunguza mwendo kila mteremko bila kugeuka, kwa sababu yake. Miezi yote ile nilikuwa mbele, sikuona hata kimoja. Yule polisi mwenye fimbo alitugongea mihuri mwenyewe, akatujazia mikono ndizi. Kaka alimpigia saluti. Tuliingia msimamizi akiwa ameshika saa mkononi, karibu afunge.

Siku ya tatu na ya nne nilibaki nyuma. Kwenye miteremko nilimshika dada kiwiko. Kaka alisema sasa tumekuwa harusi inayotembea polepole. Tulikuwa wa mwisho kuliko wote, na kadi zetu zilikuwa zimejaa mihuri.

Namshukuru Papa na gari lake. Namshukuru dada kwa mguu wake, na kaka kwa mdomo wake. Kapiteni nimemshukuru kwa kumlimia shamba, maana msimu ulikuwa umempita. Na Mama, ambaye leo amekaa pale mstari wa tatu, anajua tumezungumza. Vijana, Mungu akikupa miguu, hajakupa kwa ajili yako peke yako. Ukiwa na nguvu, kaa nyuma, uwaone wenzako.

Nimalizie na Kabale. Tulifika jioni, wanakunja kamba za mwisho, na vitanda vya wakimbiaji vilikuwa vimekwisha. Tukabisha hodi nyumba tatu bila kupata nafasi. Ya nne, Mama mmoja mjane alitutazama miguu, akamchukua dada alale na binti zake, sisi akatuonyesha chumba chenye vitanda vitatu. Kapiteni akaniambia nichague wa kwanza.

Ninyi mnajua sisi tunavyolala. Aliye karibu na mlango ndiye anayetoka kabla ya wengine, na miaka yote mimi nililala hapo, viatu miguuni. Nilivua viatu nikavipanga chini ya dirisha. Nikachagua kitanda cha ukutani, ndani kabisa, ambako ili nitoke ni lazima niwaamshe wote wawili.