Papa Firmin na Mama wa Kulia

Salamu kwanza kwa nyumba nzima ya Papa Firmin: kwa mke wake Mama Denise, ambaye sambusa zake zimefanya sketi zitubane sisi wote, kwa mwanawe Gaston na mke wake, kwa binti yake Héritière, tunayemsalimu Kiswahili akatujibu Kizulu, na kwa mama yake mzee kule Uvira, Kongo, anayemngoja mwanawe. Hamjambo wote? Sisi hapa maktaba wazima, ila roho juu juu: Jumamosi zetu anaachiwa nani?

Leo, tarehe 30 Novemba 2018, Papa Firmin anastaafu baada ya miaka ishirini na saba hapa Braamfontein, Johannesburg. Alianza kama mlinzi wa mlangoni, akapanda mpaka chumba cha vitabu vya sala, vile walivyoandika Wazungu wa zamani kwa mkono, picha zikapakwa dhahabu ya kweli. Anafunua ukurasa kama mtu anayemfunua shuka mtoto aliyelala.

Ni yeye aliyeanzisha Jumamosi za Kiswahili, ili wamama wa makanisa ya mjini nao waone. Siku ya kwanza aliweka chini ya kioo picha ya Yesu msalabani, akatangaza kama mhubiri: "Wamama, mtazameni Mama wa kulia!"

Alimaanisha Maria anayelia machozi. Lakini Maria amesimama kushoto! Wamama wote wakageukia mkono wa kulia, na pale yuko Yohana, kijana wa watu, nywele ndefu, hana hata udevu mmoja. Wakaanza kumwimbia pole. Mama Victorine, fundi cherehani, akalia mpaka kitenge kikalowa: "Sura hii ni ya dada yangu kabisa!"

Papa Firmin akapaza sauti: "Wamama, huyo ni mwanaume!"

Eish! Kilio kikageuka kicheko, walinzi wakaja mbio. Mama Victorine akamwomba Maria msamaha, akainama akambusu juu ya kioo, na midomo myekundu ikabaki pale.

Mkurugenzi hakucheka. Alisema Jumamosi zimekwisha. Papa Firmin akamwita tu atazame miguu ya Yesu, mahali rangi imefutika kabisa. "Bosi, wenye kitabu wa zamani wameibusu mpaka ikaisha. Nao hawakuwa na kioo." Mkurugenzi akaziacha Jumamosi ziendelee, ila akaagiza kioo kinene zaidi. Tangu siku hiyo kufuta mabusu ni kazi yetu watu wa usafi, na rangi za midomo tunazijua mama kwa mama.

Sasa anaondoka, na mkurugenzi amesema wazi: bila mtu wa kueleza kwa Kiswahili, chumba kinafungwa. Juzi Papa Firmin akamjibu bila kumuuliza mtu yeyote: "Yupo. Mama Duni wa usafi." Ndiye huyu anayeandika, aliyeishia darasa la nne.

Papa Firmin, asante kwa kutufungulia mlango na kutuonyesha machozi ya watu wa mbali yanayofanana na yetu. Mungu akupe uzee mtamu, miguu isiyouma na wajukuu wasikivu.

Ila ukifika Uvira, kabla hujafungua mizigo, nitumie ujumbe wa sauti kwa simu. Jumamosi ijayo nasimama mimi, na watoto wanaokuja na mama zao wataniuliza kwa nini malaika wa kwenye picha ile wanakinga damu ya Yesu kwa vikombe. Nijibu haraka, Papa, haraka sana.