Mchanga wa Ndoo Nyekundu

Apa kwanza kwamba neno hili halitavuka kizingiti chako. Umeapa? Basi sikia, maana hata aliyelileta aliapa, na stendi nzima ya Biharamulo inalo. Novatus, mlinzi wa ghorofa ya maduka ya Mzee Suleman, alikaa kwenye benchi la kahawa kama mtu aliyefiwa. Ndoo tatu nyekundu za bati za kule ghorofani, zenye mchanga wa kuzimia moto, zilikuwa zinapungua kila wiki. Na Joan, fundi wa kengele za moto, alikuwa juu tangu saa mbili, anafuta vumbi kwenye vile vidude vya darini vinavyonusa moshi. Akimaliza, atakagua ndoo. Mzee alishasema: mchanga ukikutwa pungufu, Novatus arudi Murukulazo akalime.

— Ni paka, alisema Halfani muuza kahawa, akimimina. Paka akiona mchanga mkavu, ameona choo.

— Paka anaacha, habebi, alijibu Nduwayo, aitwaye Wakili kwa kuwa ameshtakiwa mara tatu. Mchanga ule una dhahabu. Mtu anauosha kidogo kidogo. Haba na haba huvunjika guu.

— Niliuchota mwenyewe mtoni, Wakili, alisema Novatus.

— Na mto unapita wapi? Si machimboni?

Novatus akahesabu kwa vidole. Kumbe miaka miwili amelinda utajiri kwa mshahara wa kula dagaa.

Ernesta muuza karanga akawajaza viganja.

— Nyie watoto hamjui kitu. Mchanga wa ndoo ya moto ukinyunyizwa mlangoni, nyumba haiungui. Kuna mama mmoja kule Nyantakara anauuza kwa kijiko. Na mume wake halali kwake.

Benchi zima likasogea.

— Analala kwa nani?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Ernesta, wala halikuwa jibu. Akamtazama Novatus. Hivi kweli watakufukuza, baba?

— Leo hii, mama.

Ernesta akainuka taratibu. — Ngoja nikageuze karanga, ziko jikoni uani.

Hajapotea vizuri, Joan akatokea na ngazi begani, ovaroli imejaa utando wa buibui.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu. Onja kahawa.

Akapewa na karanga. Akatafuna, akasita, akatema kitu kiganjani, akakichungulia.

— Hizi zinakaangwa kwa mchanga wa wapi?

Halfani akalitazama birika lake. Miaka yote wametafuna, wametema chembe, hakuna aliyewahi kuuliza.

— Haya, ndoo baadaye, alisema Joan. Naijaribu kengele. Ikilia, kila aliye ndani atoke hapa mbele.

Akabonyeza kitufe cha mlangoni. Lo, kengele ililia mpaka kunguru wakahama paa. Wakatoka: Sauda fundi cherehani na futi shingoni, mteja wa kinyozi ndevu upande mmoja, Mzee Suleman na kalamu sikioni. Wa mwisho kushuka ngazi alikuwa Ernesta, mbio, kakumbatia ndoo nyekundu kwa kanga iliyokunjwa mara nne, maana bati lilikuwa la moto.

Joan akazima kengele. Katika kimya kile, kila mtu akasikia karanga zinapasuka ndani ya mchanga.

— Nilikuwa naurudisha, alisema Ernesta.