Bwana Hamud na Vibanda Vilivyofungwa

Tarehe 31 Desemba 1959, Bwana Hamud bin Hashil ataweka ufagio chini baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika Soko la Kariakoo. Sisi wa ofisi ya soko tulioandaa ukurasa huu tumeshafuta nusu ya tuliyoandika, kwani mwenyewe hapendi kusifiwa mbele za watu.

Mgeni akimwona mara ya kwanza hushangaa. Hamud hakutazami usoni. Ukimshika bega ghafla, huruka kama aliyeguswa na kaa la moto. Kelele zikizidi huziba masikio na kuyumbayumba. Hata hivyo, kila asubuhi akimaliza kufagia, alizunguka vibanda kwa njia ile ile, akimsalimu kila mtu kwa jina, kuanzia wauza nazi hadi Eliakimu, Mchaga muuza ndizi. Mwaka mmoja Eliakimu alihamia kibanda kingine bila kumwambia. Hamud alisalimu mahali patupu, akaenda zake amenuna. Kesho yake Eliakimu alirudi alipokuwa.

Kisha mwaka 1957 yakaja yale mafua makali. Tuliambiwa tusishikane mikono, na Hamud aliona ni amri njema iliyochelewa. Lakini wenye vibanda walianza kuugua, na mzunguko wake ukakatika. Alikwenda huku na huku, hakula, akajikuna mikono hadi ikatoka damu. Asubuhi aliyokuta kibanda cha Eliakimu kimefungwa, aliacha ufagio katikati ya njia, akatoka kwa miguu hadi Buguruni, nyumbani kwa Eliakimu.

Aliporudi alisimama mbele ya Bwana Onesphory, msimamizi wetu.

"Eliakimu yuko chini. Candida yuko chini. Mtungi mkavu."

"Uliingia ndani, Hamud?"

"Mtungi mkavu," alirudia, na akaendelea kurudia mpaka Bwana Onesphory akainuka.

Tulipeleka maji, uji na dresa, mtibabu wa zahanati. Eliakimu alipona. Mkewe, Candida, alifariki siku iliyofuata.

Homa ilipopungua, soko lilijaa tena, likawa na kelele kuliko zamani. Tulidhani mambo yamekwisha. Hamud alifika langoni, akageuka. Wiki nyingi alishinda nyumbani Mtaa wa Sikukuu, akizunguka ua. Tulipokwenda kumwita, dada yake, Bi Zeina, alitujia juu: "Watu walitoweka bila kumuaga. Leo mnataka arudi kana kwamba hakikutokea kitu?"

Walikuwapo waliotaka kazi yake apewe mwingine. Eliakimu, mfiwa, alikataa katakata. Alikwenda akasimama nje ya ua, mbali kidogo.

"Hamud, kesho nafungua. Njoo alfajiri, kabla watu hawajajaa."

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo. Nikishindwa, nitatuma mtu akwambie."

Alikuja. Tangu hapo mtu akisafiri au akiugua, Hamud hupelekewa habari kwanza. Lakini hakurudi tena kwenye kahawa ya jioni, alikozoea kukaa pembeni akisikiliza wenzake, wala hakwenda tena kutazama watu sikukuu. Hayo mafua yalimnyang'anya, na hatutasema vinginevyo eti kwa kuwa tunaandaa siku ya furaha.

Wiki iliyopita Bwana Onesphory alimweleza habari ya kustaafu. Hamud alifikiri, kisha akauliza, "Halafu nitamsalimu nani?" Tangu siku hiyo hatujatulia. Tumekaa na wenye vibanda, tukakubaliana: alfajiri atafunguliwa lango kama kawaida, aje siku anayotaka, asitakiwe kufanya kazi yoyote. Filbert, anayeshika nafasi yake, ameomba mwenyewe awe ndiye wa kumfungulia.

Sherehe ya kumuaga haitakuwa na ngoma wala hotuba. Chai itakuwa mezani kwa muda mrefu, watu waingie wachache wachache. Hatujui kama atakuja. Asipokuja, tafadhali msimfuate kwa kundi.

Bwana Hamud, asante kwa kazi yako, na asante kwa kwenda Buguruni. Mungu akupe afya, wewe na Bi Zeina. Uishi unavyopenda mwenyewe.