Wasifu wa Marehemu Gathii Nderitu, Aliyemwandikia Peris Dawa

Watoto wamesema lazima nisome mimi, eti mke ndiye anamjua mtu zaidi. Mambo ya kazi yake si wangemwuliza Peris wa Lwakhakha, huyo amekaa hema la pili na kitambaa cha kijani? Lakini mwenye pete ni mimi. Kwa hivyo nyamazeni nisome.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Othaya, mtoto wa tatu wa Mzee Nderitu na Mama Nyaruai. Mwaka wa 1964 baba yao alipata shamba Trans-Nzoia, wakahamia hapa Kitale.

Alianza shule Othaya, akaimalizia hapa. Halafu alienda Nairobi kusomea kazi ya afisa wa kliniki, lakini watu wote walimwita daktari na hakuwahi kukataa.

Aliajiriwa na serikali mwaka wa 1969. Mwaka huo huo nilienda kwake na malaria. Mimi niliachia shule darasa la pili. Alinipa vidonge kwa bahasha ya kaki, akaandika juu yake jina langu, KABURA, herufi kubwa, akaniambia, "Soma." Nikasoma. Akasema, "Basi rudi Ijumaa." Malaria iliisha Jumatano, lakini Ijumaa nilirudi. Tulifunga ndoa kanisani tarehe 8 Agosti 1970.

Alistaafu serikalini mwaka wa 2001, akachukuliwa na hospitali moja ndogo upande wa Bungoma. Huko aliwaandikia wenye maumivu makali mofini, ile dawa ya maji ya kunywa. Mwaka wa 2005 hospitali ilileta utaratibu mpya: ukiandika mofini, jina lako na la mgonjwa yanapelekwa kwa wakaguzi, na anayeandika sana anaitwa ajieleze. Walitaka kushika wale wanaouza dawa kichochoroni, na hiyo ni sawa. Lakini madaktari wote waliingiwa na woga. Mtu wa kansa anapewa Panadol na kuambiwa aombe Mungu. Daktari ambaye hakuandika hata mara moja ndiye alipigiwa makofi mkutanoni.

Marehemu naye alipunguza. Mimi nyonga iliniuma mpaka kukama ng'ombe ikanishinda. Nikamwambia, "Niandikie na mimi."

Akasema, "Kabura, hiyo si dawa ya nyonga. Na wakiona jina la mke wangu pale, watanifunga mikono, nishindwe kuwaandikia wenye wanahitaji." Akanikanda na mafuta.

Lakini Peris, fundi wa kushona nguo, mwenye ugonjwa wa selimundu, ule wa damu unaokuja na maumivu kama mifupa inavunjwa, yeye aliandikiwa kila mwezi. Jina lake, mkono wa bwana yangu. Wakaguzi wakamwita marehemu.

"Huyu mama ni nani yako?"

"Mgonjwa wangu."

"Mbona jina lake linarudi rudi?"

"Maumivu yake pia yanarudi."

Watu wa soko walikuwa na jibu lingine. Sisemi niliwaamini. Nasema niliwasikiliza.

Mwaka wa 2008 marehemu alipatikana na kansa ya tezi dume, na ilikuwa imeshaingia mifupani. Alilazwa hospitali ya Kitale, halafu akataka kurudi nyumbani. Tulimwita Absalom, daktari ambaye marehemu mwenyewe alimfundisha kazi. Nikamwambia, "Andika mofini." Akaangalia viatu vyake. "Mama, mwezi huu nimeshaandika. Wananiangalia mimi." Akaandika vidonge vya kawaida.

Peris aliposikia, alikuja na chupa yake kwa kikapu. Nikasimama mlangoni.

"Mama Nyambu, sikuja kukuibia bwana."

"Hungeweza."

"Basi nipishe. Nimemletea dawa."

Nikampisha. Marehemu alikataa kuinywa. "Hiyo imeandikwa Peris," akasema huku anauma shuka. "Ukishikwa na maumivu kesho utakunywa nini? Na wakisikia ilifika kwangu, hakuna mtu atakuandikia tena." Mtu anakufa, na bado analinda jina la huyo mwanamke!

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 21 Februari 2009, mkono wake ndani ya mkono wangu. Wangu, si wa mwingine.

Ameacha mjane Kabura, watoto Nyambu, Kabiru na Ciru, na wajukuu. Ameacha pia Peris. Watoto walitaka jina hilo litolewe kwa karatasi. Nimeliandika mwenyewe, herufi kubwa: PERIS.

Mungu amlaze mahali ambapo mifupa haiumi.

Sasa wewe Absalom, nakuona hapo mbele na madaktari wenzako. Chupa ya Peris inakaribia kuisha. Mimi simpendi, na sitaki aje kwa geti yangu kumlilia bwana yangu. Mwandikie wewe. Na kama utaogopa tena, chakula changu cha matanga usiguse.